Siku moja Osaka na mama mwenye magoti mabovu: achana na Kegon, mpeleke Minoo

Swali limetoka kwa dada mmoja wa Lushoto ambae yuko Osaka, Japani, kwa kozi. Nalifupisha: mama yake mzazi anakuja kumtembelea katikati ya Novemba, ana siku moja tu ya kumtoa nje ya mji, na mama anataka aone maporomoko na ile miti yenye majani mekundu ya kwenye kalenda. Magoti yanamsumbua ila sio mtu wa kubebwa. Ni Waislamu, kwahiyo kuna suala la chakula na la swala. Hela sio nyingi. Mtu wa darasani kwao kamshauri ampeleke maporomoko ya Kegon, na mwingine kamtisha kwamba sehemu zingine kuna nyani wanapora mikoba.

Haya dada, mi kazi yangu ni kutembeza wageni huku upande wa Osaka, Kyoto na Kobe, na swali la Kegon naulizwa sana, ngoja tulimalize kwanza.

Kegon ni maporomoko mazuri mno, hilo halina ubishi, yana mita 97, maji yanatoka ziwa Chuzenji yanadondoka mara moja tu bila kugusa jiwe, na kuna lifti inakushusha ndani ya mwamba mpaka chini kabisa. Lakini yako Nikko, kaskazini ya Tokyo! Wewe uko Osaka. Treni ya mwendo kasi mpaka Tokyo ni masaa mawili na nusu, alafu treni nyingine kama masaa mawili mpaka Nikko, alafu basi la karibu lisaa linapanda barabara ya Irohazaka yenye kona 48 (wamezihesabu wenyewe na kila kona ina herufi yake). Nauli ya hiyo treni ya mwendo kasi (shinkansen) peke yake ni karibu yeni 14,000 kwenda tu, kwa mtu mmoja. Kwa siku moja utamuonyesha mama viti vya treni. Na kuna kitu huyo wa darasani kwenu hakukwambia: ziwa Chuzenji liko juu, zaidi ya mita 1,200 kutoka usawa wa bahari, kwahiyo majani yanageuka mapema, katikati ya Oktoba kuelekea mwisho wake. Nyie mkifika katikati ya Novemba miti ya kule juu imeshapukutika, na ile picha ya kwenye kalenda hamtaikuta.

Watakutajia na Nachi, ile ya mita 133 yenye pagoda nyekundu (mnara wa hekalu) pembeni, nayo iko Wakayama kusini kabisa, treni ya ekspresi kutoka Osaka ni kama masaa manne kwenda. Hapana. Nunobiki ya Kobe iko karibu, ukishuka stesheni ya Shin-Kobe unazunguka nyuma ya stesheni na kwa robo saa uko kwenye maporomoko, ila ni ngazi ngazi ngazi, na wewe umesema magoti.

Kwahiyo jibu langu ni Minoo. Watu wengine wanaandika Minoh na h, ni palepale. Ni mji mdogo kaskazini ya Osaka, na hifadhi yake inaitwa Meiji no Mori Minoo.

Ila kabla hujafurahi nikwambie ukweli. Maporomoko ya Minoo yana mita 33. Mtu wa Lushoto aliyepita pale kwenye maporomoko ya Soni maisha yake yote, ukimpeleka moja kwa moja pale chini ukamwambia "mama ndo haya" anaweza akakuangalia usoni akauliza ndo haya tu? Yako kwenye orodha ya maporomoko 100 bora ya Japani iliyotolewa 1990, sawa, ni membamba na yanakaa vizuri katikati ya miti kama yamechorwa, lakini kama mnaenda kutafuta ukubwa na ngurumo mtarudi mnanung'unika. Utamu wa Minoo ni njia yenyewe. Ni kama kilomita 2.8 kutoka stesheni mpaka kwenye maji, bonde jembamba, mto upande mmoja, miti imefunika juu, vibanda vya kukaanga, hekalu, mawe yenye hadithi zake, unapita taratibu na maporomoko yanakuja mwishoni. Wajapani wenyewe ndo wanavyopaendea. Wageni wengi wanaharibu siku kwa kukimbilia mwisho, wanapiga picha dakika kumi wanageuza, alafu wanaandika kwenye simu zao kwamba pamezidishwa sifa.

Kufika ni rahisi sana. Nendeni Osaka-umeda ya Hankyu, sio ile stesheni ya JR, zimepakana lakini ni kampuni mbili tofauti na milango tofauti, hapo ndo watu wanapotea. Mtaona treni zote zina rangi moja ya damu ya mzee inayong'aa kama imepakwa mafuta asubuhi hiyo. Pandeni laini ya Takarazuka, mshuke Ishibashi handai-mae, mbadilishe mwingie laini ya Minoo, laini fupi mno, kilomita 4 tu, stesheni ya tatu ndo mwisho wa reli. Safari nzima nusu saa hivi na nauli haifiki yeni 300 kwa mtu. Kama una ile kadi ya kugonga ya ICOCA inafanya kazi humo bila shida, mama nae mnunulie kadi yake msianze kuhangaika na mashine ya tiketi kila mahali.

Na hiyo reli ina kisa chake. Ilifunguliwa Machi 1910, na nyuma yake alikuwepo bwana mmoja mjanja sana anaitwa Kobayashi Ichizo. Wakati huo upande ule ulikuwa mashamba na milima, hamna abiria. Sasa yeye akaona badala ya kusubiri watu waje bora awatengenezee sababu ya kupanda treni, huku Minoo akafungua bustani ya wanyama mwaka huohuo, kule mwisho mwingine Takarazuka akaweka mabafu ya maji moto na baadae kikundi cha waigizaji wanawake ambacho mpaka leo kipo, na katikati akawauzia wafanyakazi wa Osaka nyumba kwa kulipa kidogo kidogo. Bustani ya wanyama haikudumu, 1916 ikafungwa, lakini reli ilibaki na ndo maana leo unaweza kutoka katikati ya jiji la mamilioni ya watu ukashuka mguuni kwa mlima bila kupanda hata basi.

Hifadhi yenyewe ilitangazwa Desemba 1967, kukumbuka miaka 100 tangu enzi ya Meiji ianze, pamoja na ya Takao kule Tokyo, siku moja zote mbili. Ni ndogo, hekta 963 tu, ndo kiwango wanachoita nusu-taifa, yaani hadhi ni ya kitaifa lakini anayeisimamia ni mkoa. Alafu wakaziunganisha hizo mbili kwa njia ya kutembea kwa miguu inayopita milimani karibu kilomita 1,700. Mkiona kibao kimeandikwa Tokai mjue mtu akiamua kukifuata anafika Tokyo, msikifuate.

Sasa magoti. Njia imesakafiwa mwanzo mpaka mwisho, watu wanasukuma watoto kwenye vigari, wazee wa pale wanaipanda kila asubuhi na fimbo zao. Hamna ngazi za lazima. Ila ni mpando, mdogo mdogo lakini ni mpando, na kuna vipande vinakaza kidogo ambavyo mtu mwenye magoti atavisikia. Kijana anatumia dakika 40, nyie wekeni saa moja na nusu au hata mbili, viti vya kukaa vipo na vyoo vipo sehemu kadhaa, visafi na bure. Kingilio hamna, njia haina geti. Mimi kwa wazee huwa nawaambia kupanda sio tatizo, tatizo ni kushuka, goti linaumia zaidi kwenye kushuka kwasababu uzito wote unadondokea pale. Kwahiyo mnunulie fimbo ya kutembelea kwenye yale maduka ya yeni 100 au mkope mtu, na asivae viatu vipya.

Kama siku hiyo ameamka vibaya, kuna njia ya pili. Juu ya maporomoko kuna barabara ya magari na sehemu ya kuegesha, mnachukua teksi stesheni inawapeleka mpaka kule juu, mnashuka kwa miguu dakika chache mpaka kwenye maji, alafu mnarudi stesheni taratibu kwa ile njia ya bondeni, ambayo sasa yote inakuwa mteremko. Umesikia nilivyosema kuhusu kushuka, kwahiyo hii sio dawa ya kila goti, inamfaa anayeishiwa pumzi kuliko anayeumwa magoti. Alafu wikiendi za Novemba barabara hiyo inajaa magari mpaka yanasimama, teksi itasoma mita mkiwa mmekaa palepale. Siku za kazi hamna shida.

Na hapo kwenye siku ndo nataka unisikilize vizuri dada. Kama kozi inakupa siku ya katikati ya wiki ya kupumzika itumie hiyo. Katikati ya Novemba mpaka mwanzoni mwa Desemba ndo majani ya Minoo yanakuwa kwenye rangi yake, na Jumapili kama hiyo nusu ya Osaka iko mle bondeni, mnatembea mnasukumana, kwenye maporomoko kuna foleni ya kupiga picha. Tarehe 23 Novemba ni sikukuu ya taifa, hiyo hata usiifikirie. Kama huna namna ni Jumapili tu, basi muwe kwenye njia saa mbili asubuhi. Maduka mengi yatakuwa bado hayajafungua lakini hayo mtayakuta wakati wa kurudi, na asubuhi mwanga unaingia bondeni kwa upande, majani yanawaka. Jua linazama mapema, karibu saa kumi na moja kasoro dakika kumi jioni, ila bondeni kivuli kinaingia mapema zaidi, kuanzia saa tisa na nusu unaanza kusikia baridi ya maana. Mchana Osaka unaweza kupata nyuzi 17, kwenye maji ni chini ya hapo na kuna unyevu. Mama wa Lushoto baridi anaijua, lakini mwekee sweta, koti na soksi nzito hivyohivyo.

Nikutembeze kidogo njiani ili ujue msimamie wapi.

Ukitoka stesheni tu unakutana na harufu ya mafuta, pande zote mbili maduka yanakaanga majani. Ndio, majani ya mti, yale ya momiji, ile miti yenyewe ya majani mekundu. Wanayakusanya, wanayaloweka kwenye chumvi mwaka mzima au zaidi, wanayaosha, wanayachovya kwenye unga wenye sukari na ufuta, alafu wanakaanga taratibu mpaka yanakauka kabisa yanakuwa makavu kama kashata nyembamba. Jani lenyewe halina ladha, unachokula ni unga, sukari na ufuta, lakini umbo la jani linabaki kamili na ni zuri, mama ataweza kufunga pakiti kadhaa aende nazo nyumbani na hazitaharibika. Majani hayo ni ya miti inayotunzwa kwa kazi hiyo, hawaokoti chini njiani, na nyie msichume hata moja mle, ni hifadhi. Kuhusu uhalali: kwa kawaida ni unga, sukari, ufuta na mafuta ya mimea, hamna nyama, ila maduka ni mengi na cheti cha halali usitegemee kukikuta, kwahiyo muulize muuzaji "shokubutsuyu desu ka", maana yake ni mafuta ya mimea hayo, na usome nyuma ya pakiti kwa simu. Kuna na vitu vya yuzu, lile ndimu lao lenye harufu nzuri, mji wa Minoo una kijiji kinalima sana, soda ya yuzu, jamu ya yuzu, pipi. Angalia chupa vizuri maana kuna zingine ni pombe na zinakaa rafu ileile na zina picha ileile. Mji huu pia unajulikana kwa bia yake, basi mkiona watu wamekaa na glasi mpite tu.

Mbele kidogo kuna makumbusho ya wadudu. Najua inasikika vibaya, lakini ndani kuna chumba cha vipepeo hai wanaruka mwaka mzima, kuna joto mle, na mama akishaanza kutetemeka ni sehemu nzuri ya kumpumzisha kwa hela ndogo. Misitu ya Minoo inahesabiwa kwenye sehemu tatu maarufu Japani kwa wingi wa wadudu. Jumanne wanafunga.

Alafu mnafika hekalu la Ryuanji, ng'ambo ya daraja jekundu. Ni la kale, linahusishwa na mtawa wa milimani anaitwa En no Gyoja wa karne ya 7, na wanasema bahati nasibu ya Japani ilianzia pale, watu walikuwa wanaandika majina kwenye vibao vya mbao vinatiwa kwenye sanduku, mtu anachoma na kijiti, jina likitoka unapewa hirizi ya bahati. Hamlazimiki kuingia. Lile daraja ndo sehemu ambayo kila mtu anapiga picha na kwa kweli wana haki, miti imelilalia pande zote.

Sasa pembeni ya njia, ukipanda ngazi kidogo, kuna sanamu ambayo wageni wengi hawaioni na mimi ndo naipenda kuliko kitu kingine mle, na wewe kwasababu unakuja na mama itabidi uijue. Ni ya Daktari Noguchi Hideyo. Kama umewahi kushika noti ya yeni 1,000 ya zamani, iliyotoka 2004 mpaka walipobadilisha 2024, yule mwenye masharubu na nywele zimesimama ndo yeye, na noti hizo bado zinapokelewa kwahiyo tafuta moja kwenye mkoba wako leo.

Noguchi alizaliwa 1876 kwenye familia fukara Fukushima, akiwa mtoto mchanga aliangukia kwenye shimo la moto katikati ya nyumba, mkono wa kushoto ukaungua vidole vikagandana. Mama yake, Shika, akaona huyu hataweza kushika jembe, basi atasoma. Akamsomesha kwa vibarua. Mtoto akawa daktari, 1900 akaenda Marekani, akapata jina kubwa kwenye taasisi ya Rockefeller New York, na miaka ikapita hajarudi. Mama hakuwa msomi, akajifunza herufi ukubwani akamwandikia barua kwa mkono wake, imejaa makosa, inamwambia mara kadhaa mfululizo rudi, rudi upesi, barua hiyo Wajapani wanaijua mpaka leo. 1915 akarudi, baada ya miaka 15, akamchukua mama yake akamtembeza upande huu wa Osaka, na safari ikawafikisha Minoo kwenye mgahawa mmoja mle bondeni. Yeye wakati huo ni mtu mkubwa, meza imejaa waheshimiwa waliokuja kumuona yeye. Akawa anamhudumia mama yake tu, anamchagulia chakula, anamuelezea hiki ni nini na hiki ni nini, anamsogezea. Waliokuwepo wakaguswa sana, kisa kikabaki, na 1955 watu wakasimamisha sanamu yake pale.

Na mwisho wake uko Afrika. Alikufa Accra, Ghana ya leo, Mei 1928, kwa homa ya manjano ileile aliyoenda kuichunguza. Serikali ya Japani ina tuzo kwa jina lake, tuzo ya Noguchi Hideyo kwa Afrika, ilitolewa mara ya kwanza 2008 Yokohama na mmoja wa washindi wawili alikuwa Profesa Miriam Were wa Kenya, kwa kazi yake ya afya ya jamii vijijini. Baadae wakapata Alex Coutinho wa Uganda, alafu 2019 Francis Omaswa wa Uganda na Profesa Muyembe wa Kongo, yule wa Ebola. Mpandishe mama hizo ngazi kama magoti yanakubali, na yakikataa basi msimulie mkiwa mmekaa chini kwenye kiti, kisa hakihitaji ngazi.

Mbele tena kuna jiwe kubwa limeegemea njia, wanasema zamani mgeni mmoja wa Kichina aliyekuja kuona maporomoko alifika pale akaona njia inatisha akageuza. Leo hapatishi kitu. Kutoka hapo sio mbali, mtasikia maji kabla hamjayaona. Mbele ya maporomoko kuna uwanja mdogo, viti na vibanda vya vinywaji na vitafunwa. Kaeni.

Nyani sasa. Wapo, ni wale wa Kijapani wenye uso mwekundu na mkia mfupi kama umekatwa, na makazi yao mlima wa Minoo yametambuliwa kitaifa tangu 1956. Miaka mingi watu walikuwa wanawalisha, wakazoea, wakawa wanapora kweli, vyakula, mifuko, kila kitu, hiyo stori uliyosikia inatoka huko. Mji ukachoka, 2010 ukatunga sheria ndogo, anayewalisha anatozwa faini mpaka yeni 10,000, na wenyewe wakarudishwa rudishwa ndani ya msitu. Siku hizi mnaweza kwenda na kurudi bila kumuona hata mmoja. Wakitokea msiwaangalie machoni, msicheke mkaonyesha meno, na mfuko wa plastiki unaochakacha ndo mnauficha kwanza kabisa, kwao ile sauti ni kengele ya chakula. Pakiti za yale majani ya kukaanga zikae ndani ya begi lenye zipu.

Chakula cha mchana mi ningebeba. Kuna migahawa ya tambi za udon na soba njiani na inanukia vizuri, lakini kwenye ile supu na ile sosi kuna mirin mara nyingi, ni kama pombe tamu ya kupikia, na muuzaji ukimuuliza kama kuna pombe anaweza akakujibu hamna kwa nia njema kabisa kwasababu kwake mirin ni kiungo tu. Pikeni chapati, mayai na chai kwenye chupa. Takataka zote mnarudi nazo, msitegemee mapipa, huo ndo utaratibu wa huku.

Swala: adhuhuri Novemba inaingia mapema, karibu saa sita kasoro dakika kumi na tano, alasiri kama saa nane na nusu, na magharibi saa kumi na moja kasoro. Mkianza asubuhi adhuhuri inawakuta mko juu kwenye maporomoko au mnarudi. Chumba cha kuswalia hamna, tafuteni kona pembeni ya njia, sio ndani ya eneo la hekalu, mkeka mwepesi, kibla ni magharibi ukivuta kidogo kaskazini. Hakuna atakayewasumbua, Wajapani watapita wanaangalia pembeni. Udhu chukueni na chupa ya maji mkatilie nje pembeni, msinyanyue miguu kwenye sinki la choo, hicho ndo kitu pekee kitakachowaudhi kweli. Mama ni msafiri, mambo ya kukusanya na kupunguza muulizeni sheikh wenu mimi sio mtu wa kujibu hilo.

Watu watakuongezea Katsuoji, hekalu la juu zaidi lenye yale masanamu mekundu ya daruma (wanasesere wa bahati) mamia kwa mamia yamejazwa kila upenyo. Pazuri, ila kutoka kwenye maporomoko ni zaidi ya lisaa kwa miguu kwenye milima, kwa mama hapana. Ukipataka, nenda siku yako mwenyewe kwa njia nyingine: tangu Machi 2024 reli ya Kita-Osaka Kyuko, ile inayoungana na laini ya Midosuji ya chini ya ardhi, imevutwa mpaka Minoh-Kayano, na pale kuna basi la kwenda Katsuoji. Usiichanganye hiyo stesheni na Minoo ya Hankyu, majina yanafanana na ziko mbalimbali, mkishukia Minoh-Kayano mkaanza kutafuta maporomoko kwa miguu mtajuta.

Hela kwa wote wawili: nauli kwenda na kurudi haizidi yeni 1,200, kingilio hamna, ongeza pakiti za majani, vinywaji na makumbusho ya wadudu mkipenda. Shika noti na sarafu maana vibanda vingine havitaki kadi. Ukipata mvua siku hiyo ahirisha kama unaweza, sakafu yenye majani yaliyolowa inateleza vibaya. Kukiwa na kimbunga au mvua kubwa siku za nyuma angalia tovuti ya hifadhi kwanza, njia huwa inafungwa mawe yakidondoka, kimbunga cha Septemba 2018 kiliiharibu ikakaa imefungwa muda. Ukishajua siku niandikie tarehe hapa, nikuangalizie majani yamefika wapi wiki hiyo. Na mama mpe shikamoo yangu.